Chizikeki ni pudini iliyokalia biskuti

Ukiingia mgahawa wowote wa mjini wenye lile friji la vioo, iwe Masaki ya Dar au Westlands kule Nairobi, utaikuta chizikeki imepangwa katikati ya redi velveti na blaki foresti, na kwenye menyu iko chini ya kichwa cha "Keki". Hakuna anayeshtuka. Ni ya duara, inakatwa pembetatu, ina sukari, jina lenyewe linaishia na keki, basi yameisha. Mi naona hapo kuna kosa la kupanga ambalo limekaa muda mrefu mpaka limezoeleka, na sio kosa la kubishania tu kwenye kahawa, ni kosa linalofanya watu wengi waiharibu hii kitu kwenye oveni zao alafu wamlaumu aliyewapa resipe. Hoja yangu ni kwamba kitamu chochote kinapangwa kwenye kundi lake kwa kuangalia ni nini kinachokishikilia kisimame, jina na umbo na kilichowekwa chini yake vinakuja baadae. Kwa kipimo hicho chizikeki ya kuoka, ile ya New York ambayo ndo wengi tunaijua, ni pudini ya mayai. Ndugu yake wa damu ni ile pudini ya karameli inayopikwa pwani mwezi wa Ramadhani, redi velveti ni jirani yake tu wa kwenye friji.

Mtu atasema sasa we unahangaika nini, si ule tu. Sawa, tule. Lakini angalia jinsi mpika keki mzuri, mwenye mkono wake kabisa, anavyoiharibu chizikeki kwa sababu kaambiwa ni keki. Anawasha mikisa spidi kubwa apate hewa. Anatia beking pauda kijiko ili iumuke. Anaweka oveni moto wa 180, anachoma stiki katikati, stiki ikitoka na ulowevu anarudisha, anasubiri mpaka stiki itoke kavu, alafu anaitoa anaiweka mezani karibu na feni ipoe haraka maana oda ya mtu ni saa kumi. Hatua zote hizo kwenye keki ni sahihi, na kwenye chizikeki zote ni makosa, hakuna hata moja iliyopona. Inaumuka sana, inashuka katikati, inapasuka ufa mrefu, na ukiila ndani ina chembechembe na ukavu fulani unaokwama kooni. Ndo maana chizikeki nyingi za kwetu zinakuja zimezamishwa kwenye sosi ya stroberi, sosi inafunika ufa.

Kwaiyo kupanga makundi sio anasa. Ukijua kitu ni cha kundi gani unajua pia kinaivaje, kinahifadhiwaje, na utakitambuaje kikiwa kimeharibika.

Tuanze na jina maana ndo linalowadanganya wengi. Majina ya vyakula yanarithiwa, chakula kinabadilika jina linabaki. Pwani tuna mkate wa mayai ambao hauna hamira wala hausukumwi, ni mayai yamepigwa na sukari mpaka yakajaa hewa alafu unga ukachanganywa taratibu, yaani hiyo ni sponji halisi na ukiiweka aisingi unaweza kuikata kwenye harusi. Tuna mkate wa sinia, mchele na tui la nazi na hamira na iliki, nao ukiuweka karibu na boflo havijuani. Wamarekani wana Boston cream pie iliyoanzia hoteli ya Parker House pale Boston karne ya 19, jimbo la Massachusetts likaipa heshima ya kuwa kitamu rasmi cha jimbo mwaka 1996, na hiyo wanayoiita pai ni sponji mbili zimebana kastadi, yaani mayai na maziwa yaliyopikwa yakawa mazito, katikati na chokoleti juu, gamba la pai halipo hata la dawa. Kama jina lingekuwa ushahidi basi hao wote wangekuwa mahali tofauti na walipo. Jina tuliweke pembeni.

Umbo nalo lisitusumbue sana. Duara ni la chombo, sio la chakula. Na mishumaa ya bethdei watu wanachomeka hata kwenye tikiti maji.

Kambi ngumu kidogo ni ya wanaosema chizikeki ni pai. Hawa wana akili na hoja yao inaeleweka: kuna kitako kikavu chini, kuna ujazo laini juu, kitako kinashika na kubeba, ujazo ndo utamu, hiyo ndo maana ya pai toka enzi na enzi. Na kweli ukiangalia pai ya boga ya Wamarekani ile ya sikukuu ya Thanksgiving, ndani yake ni mayai, maziwa, boga na sukari, vimeganda kwa moto mdogo, tofauti yake na chizikeki ni ndogo sana. Hawa watu wako karibu na ukweli kuliko wa kambi ya keki. Wanapokosea ni kudhani kitako ndo kiini. Kwanza lile tabaka la biskuti zilizopondwa na siagi halijakandwa wala halijasukumwa, ni unga wa biskuti umebanwa kwa kitako cha glasi, ukiutoa kwenye chombo peke yake unamwagika. Pili, kuna chizikeki ambazo hazina kabisa kitako. Tatu, na hii ndo inayonifurahisha, mgahawa wa Junior's wa Brooklyn, uliofunguliwa na Harry Rosen mwaka 1950 na ambao watu wengi wanautaja wakitaja chizikeki ya New York, hautumii biskuti chini, unatumia tabaka jembamba la keki ya sponji. Sasa kama kitako ndo kinaamua, ya Junior's ni keki, ya jirani yake mwenye biskuti ni pai, na ya yule asiyeweka kitu chini haina kabila, wakati kilichoko juu kwenye zote tatu ni kilekile.

Kuna ile kanuni ya mchemraba inayozunguka mtandaoni, inayopanga vyakula vyote duniani kwa kuangalia wanga umekaa upande gani. Wanga ukiwa chini tu ni tosti, chini na juu ni sandwichi, chini na kuta zote nne ni kishi, na kuendelea. Inachekesha na mi naipenda kama mchezo, lakini jaribu kuitumia hapa. Chizikeki yenye biskuti chini tu inakuwa tosti. Ukipandisha biskuti mpaka kwenye kuta za chombo inakuwa kishi. Yaani mpishi mmoja, mchanganyiko mmoja, oveni moja, kundi linabadilika kwa sababu paketi ya biskuti ilikuwa imebaki nusu. Kipimo cha hivyo hakipimi kitu. Ingawa, kwa bahati tu, imegusa ukweli pale iliposema kishi, maana kishi ile ya Wafaransa, mayai na krimu na jibini kwenye gamba, ni kastadi ya chumvi. Ukiitoa nyama na vitunguu ukatia sukari ushakaribia chizikeki. Najua kuna mtu hapa kaguna.

Twende kwenye kinachoshikilia. Keki inasimama kwa unga na hewa. Unga wa ngano ukipata umajimaji na moto, wanga wake unavimba na kukaza, protini za unga na za mayai zinaganda kuzunguka mapovu, na ukikata unaona vile vishimo vidogo vidogo. Pound keki ya asili ni uzito sawa wa unga, siagi, sukari na mayai, maana yake robo nzima ya bakuli ni unga, na ikiiva joto la katikati linafika nyuzi 95 na zaidi bila shida yoyote, ndo maana stiki kavu ni kipimo kizuri.

Sasa chukua resipe ya kawaida ya New York. Krimu chizi, lile jibini laini la kupaka, kama gramu 900, sukari kikombe na kitu, mayai manne matano, krimu kidogo au krimu chachu, vanila, ganda la limao. Unga ukiwepo ni vijiko viwili vitatu, na resipe nyingi hazina kabisa. Hapo hakuna unga wa kusimamisha chochote na hewa haitakiwi, hewa ndo inayoivimbisha alafu ikaiangusha. Kinachoigandisha ni protini za mayai zikisaidiwa na za jibini lenyewe, na zinafanya kazi hiyo mapema sana, katikati pakifika nyuzi 65 mpaka 70 hivi imeiva, unaitoa bado inatikisika pale katikati, inamalizia kujikaza yenyewe wakati inapoa. Ukiipeleka mpaka nyuzi za keki, protini zinakaza kupita kiasi, zinakamua maji yake nje, na unachopata ni mayai ya kukoroga yenye sukari. Ule ufa wa juu ndo huo, sehemu ya pembeni imekaza na kusinyaa na kushika ukuta wa chombo wakati katikati bado kunavuta.

Mwenye kupika pudini ya mayai anasoma haya anasema mbona haya nayajua. Ndiyo, unayajua. Unaunguza sukari chini ya kisufuria, unachanganya mayai na maziwa na iliki bila kuyatoa povu, unachuja, unamimina, unafunika, unakiweka ndani ya sufuria kubwa yenye maji, moto mdogo, na mtoto akija kufunuafunua anafukuzwa. Maji yale yapo kwa sababu hayawezi kupita nyuzi 100 hata moto ukikasirika vipi, kwaiyo pudini inalindwa isipate moto mkali pembeni. Wazungu wanaoweka chombo cha chizikeki ndani ya trei ya maji ya moto kwenye oveni wanafanya kitu hichohicho kwa sababu ileile. Kina mama wa Tanga na Mombasa na Lamu wana ujuzi wote wa chizikeki mikononi, ila hakuna aliyewaambia kwamba hii kitu ya vioo ni ya kwao. Wameambiwa ni keki, basi wanaenda kumuuliza mtu wa keki.

Hapa niseme kidogo kuhusu kastadi maana najua ukitamka kastadi huku kwetu watu wanaona kopo la unga wa njano. Ile ilibuniwa Birmingham na Alfred Bird mwaka 1837 kwa ajili ya mke wake ambaye mayai yalikuwa yanamdhuru, na ndani yake ni wanga wa mahindi, rangi na ladha, yai halimo. Kwa kipimo changu ile inashikiliwa na wanga na inakaa karibu na uji kuliko pudini. Hata hivyo sina ugomvi nayo, na faluda na trifo zinaihitaji.

Pingamizi ambalo lina uzito kweli ni lile la vijiko viwili vitatu vya unga. Mtu anasema si umeona, unga umo, kwaiyo ni keki. Lakini uangalie unga unafanya kazi gani pale. Vijiko vitatu ndani ya kilo ya jibini haviwezi kujenga kuta za kubeba mapovu, vinachofanya ni kuingia katikati ya protini za mayai na kuzizuia zisishikamane kwa nguvu, kwaiyo vinampa mpishi nafasi ya kukosea moto kidogo bila ufa kutokea. Ni bima. Wanga wa mahindi unafanya kazi hiyohiyo na wengi wanaupendelea. Bima haikugeuzi kuwa gari.

Nikiangalia historia naona jina halikuzuka hewani, kuna wakati hii kitu ilikuwa keki au mkate kweli. Cato, yule mzee mkali wa Roma, kwenye kitabu chake cha kilimo cha karne ya 2 kabla ya Kristo kaandika kitu kinaitwa libum: jibini ratili mbili, unga ratili moja, yai moja, unakanda unaoka juu ya majani. Theluthi ya kitu kizima ni unga, unakikanda kwa mikono, hiyo hata mimi naipeleka kwenye mikate bila ubishi. Lakini kitabu hichohicho kina kingine kinaitwa savillum: jibini ratili mbili na nusu, unga nusu ratili, asali robo, yai moja, kinaokwa kwenye bakuli lililopakwa mafuta, kinapakwa asali tena na mbegu za popi juu, na maelekezo yanasema kipelekwe mezani hukohuko kwenye bakuli na kijiko. Kijiko! Sehemu tano za jibini kwa moja ya unga, na haikatwi, inachotwa. Kwaiyo zaidi ya miaka elfu mbili nyuma mtu mmoja kwenye kitabu kimoja alikuwa na jibini la kuoka la aina mbili ambazo zinaangukia makundi mawili tofauti, na tofauti yake ni kiasi cha unga tu. Wapishi wa mfalme Richard II wa Uingereza, karibu mwaka 1390, nao walikuwa na sambocade, maziwa ya mgando yaliyokamuliwa maji, sukari, ute wa mayai na maua, ndani ya gamba. Humo kwenye ujazo hamna unga.

Kilichoipeleka moja kwa moja upande wa pudini, kwa maoni yangu, ni krimu chizi. William Lawrence, mtengeneza jibini wa Chester jimbo la New York, anatajwa kuwa ndo aliyeianzisha kwenye miaka ya 1870, na kuanzia 1880 ikaanza kuuzwa kwa jina la Philadelphia ingawa haikutengenezwa Philadelphia, jina la mji lilikuwa na sifa ya maziwa mazuri basi wakalichukua. Sheria ya Marekani inataka krimu chizi iwe na mafuta ya maziwa asilimia 33 kwenda juu na maji yasizidi asilimia 55. Mafuta ya kiasi hicho yanafanya mchanganyiko uwe laini sana na mzito bila kuhitaji unga, kwaiyo unga ukapungua mpaka ukabaki bima. Wajerumani hawakupita njia hiyo, wao wanatumia kwaki ambayo ni jibini bichi lenye mafuta kidogo na maji mengi, ndo maana resipe zao nyingi zinatia wanga, mara nyingi ule unga wa pudini ya vanila wa paketi, na chini wanaweka gamba la kusukumwa la kweli. Käsekuchen ya Kijerumani naiweka mpakani. Ina yai, ina wanga wa kutosha, ina gamba halisi, mtu akiniambia ni pai simpingi.

Ya Wabaski ndo shahidi wangu mkubwa. Ilianzia baa ya La Viña pale San Sebastián, Hispania, mikononi mwa Santiago Rivera, karibu mwaka 1990, na miaka hii imeenea mpaka migahawa yetu. Haina kitako. Haina trei ya maji. Krimu chizi kilo moja, mayai saba, sukari, krimu ya maji nusu lita, na unga kijiko kimoja. Inawekwa kwenye karatasi iliyokunjamana na kuokwa moto mkali wa zaidi ya nyuzi 200, juu inaungua makusudi inakuwa kahawia nyeusi, katikati inabaki inatiririka. Watu wa keki wakiiona wanasema haijaiva. Watu wa pudini wakiiona wanaelewa mara moja, kwa sababu ladha ya sukari iliyoungua juu ya mayai na maziwa yaliyoganda ndo ladha ya pudini ya karameli, imegeuzwa tu, huku kuungua kuko chini kule kuko juu. Na angalia kwamba baada ya kuondoa kitako, kuondoa unga wote isipokuwa kijiko, na kuondoa ile sura nyeupe ya kupendeza, hakuna hata mtu mmoja aliyesema hii sasa sio chizikeki.

Alafu anakuja Mjapani anavuruga kila kitu. Chizikeki yao ya pamba, ile inayotingishika kwenye video, inatenganisha ute na kiini, ute unapigwa na sukari mpaka unasimama, alafu unachanganywa taratibu na jibini, viini, maziwa na unga. Inaokwa juu ya maji kama pudini. Ukiikata ina vishimo. Inabebwa na hewa iliyofungwa ndani ya ute wa mayai na unga wa kutosha, na jibini limepungua sana ukilinganisha na la New York. Kwa kipimo changu hii ni keki, sponji yenye jibini ndani yake, ndugu wa mkate wa mayai, na lile trei la maji halinibadilishi mawazo. Kuna wadau watasema nimebadilisha goli. Hapana, goli liko palepale, mchezaji ndo tofauti.

Na ile isiyookwa, ambayo kusema kweli ndo inayouzwa zaidi kwetu kwa sababu oveni ni umeme na umeme ni hela, haiko kwa keki wala kwa pudini. Biskuti za daijestivu zimepondwa chini, juu jibini na krimu iliyopigwa, inagandishwa na gelatini au na ubaridi tu. Hakuna yai lililoganda, hakuna unga ulioiva. Hiyo ni ya kundi la jeli na krimu za kupigwa. Na kundi hili lina swali lake ambalo mteja wa Zanzibar au Mombasa anauliza kabla ya bei: gelatini imetoka kwa mnyama gani? Inatokana na ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe, na muuzaji anayejua ameuza jeli anakuwa na jibu tayari, yule anayedhani kauza keki anabaki anashangaa kwa nini anaulizwa mambo ya mifupa.

Kwaiyo neno chizikeki halitaji kundi moja. Linataja ladha ambayo imepita kwenye makundi matatu.

Vyombo vya sheria vimewahi kuumizwa kichwa na mambo haya, na sio kwa kupenda. Uingereza mwaka 1991 baraza la kodi lilikaa kuamua kama Jaffa Cakes za McVitie's ni keki au biskuti, kwa sababu kule keki hailipi VAT wakati biskuti iliyopakwa chokoleti inalipa. Wakaangalia viungo, ukubwa, jinsi inavyoliwa kwa vidole, inauzwa rafu gani, na kipimo kimoja kikawa kizuri kuliko vyote: ikikaa siku nyingi inakuwaje? Keki ikichacha inakuwa ngumu, biskuti ikichacha inakuwa laini. Jaffa zinakuwa ngumu. Kampuni ikashinda, ikawa keki. Kenya nao Muswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate uanze kulipa VAT ya asilimia 16, kelele zikapigwa na pendekezo likaondolewa, na mi nilikuwa najiuliza siku afisa wa kodi akikutana na mkate wa sinia ataanzia wapi.

Hebu ichukue chizikeki uipeleke kwenye kipimo cha Jaffa. Iache kwenye friji siku tano. Haiwi ngumu, haiwi laini, inatoa maji. Vitone vinakaa juu, kitako kinalowa, na baadae inachachuka. Pudini nayo ndo inavyofanya, inatoa maji. Na ukiiacha nje ya friji kwa joto la Dar mchana mzima, keki ya siagi itakuwa na afya yake, chizikeki itakupeleka zahanati. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria za watu wanaopika nyumbani na kuuza, zinawaruhusu mikate, keki na biskuti bila leseni ya jiko la biashara, na chizikeki inawekwa kwenye orodha ya visivyoruhusiwa pamoja na kastadi na pai za boga, kwa sababu vyote ni mayai na maziwa yenye maji mengi na vinahitaji ubaridi muda wote. Watunga sheria wale hawakuwa na hamu ya falsafa, waliogopa watu kuharisha, na woga huo umewapeleka kwenye kundi sahihi kuliko menyu za migahawa.

Kwa anayepika huku kwetu hii ina faida ya moja kwa moja mfukoni. Krimu chizi inaagizwa nje na bei yake inaumiza, kwaiyo wengi wanaikimbia hii kitu au wanaikata kwa unga, wakisema si ni keki, unga si ndo mwili wa keki. Ukishajua ni pudini unatafuta njia nyingine. Chukua mtindi mzito usio na sukari, ufunge kwenye kitambaa safi, uning'inize kwenye friji usiku kucha, maji yanatoka na kinachobaki ni jibini bichi, ndugu wa ile lebne ya Waarabu na kwaki ya Wajerumani. Mafuta yake ni machache kwaiyo fuata Wajerumani, ongeza yai na kijiko cha wanga wa mahindi, moto mdogo, trei ya maji, itoe ikitikisika, ipoe ndani ya oveni iliyozimwa mlango ukiwa wazi kidogo, alafu usiku mzima friji. Haitakuwa ya New York. Itakuwa na uchachu mzuri ambao mi binafsi naupenda kuliko ule uzito wa krimu chizi unaokinaisha kipande cha pili. Na kwenye tangazo lako usiseme "imeokwa leo", hilo ni sifa kwenye keki, chizikeki ya leo bado haijakaa sawa, ya jana ndo nzuri.

Imebaki moja ambayo inawakosesha watu usingizi, ile ya wasiokula kitu cha mnyama. Korosho zinalowekwa, zinasagwa na tui zito na mafuta ya nazi na limao, zinamiminwa juu ya tende na karanga zilizopondwa, zinaingia friza. Haina jibini, yai, unga wala moto, yaani hata ladha ambayo ndo ilikuwa kitu pekee kilichobaki imeigizwa na limao. Mtu wa jina anasema ni chizikeki kwa sababu imeandikwa hivyo, mtu wa pai anasema ni pai kwa sababu ina kitako. Mi nauliza swali langu lilelile, nini kinaishikilia, na jibu ni mafuta ya nazi na ubaridi. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Kwaiyo ni kitu cha friza, cha familia ya aiskrimu, na anayetaka kukiuza Mtwara, ambako korosho ziko mlangoni, akipange na aiskrimu, akiuze na kijiko, na amwambie mteja akile palepale.